Mwanne na Pumzi ya Mlima

Mwanne aliamka wakati wa jogoo, ingawa jogoo hakuwapo. Alikwisha kuliwa yeye na majike yake, wakafuata mbuzi, ikafuata mbegu ya mahindi. Akawasha moto kwa kuni kavu sana, zile zisizotoa moshi, akachemsha mizizi ya porini aliyoiloweka siku nyingi ili uchungu utoke. Haukutoka wote.

Mumewe, Athanasi, alikaa juu ya jiwe akilainisha kamba ya ngozi kwa mate, maana mafuta hayakuwapo. Jina la Athanasi mapadri walimpa baadaye. Siku zile mkewe alimwita Baba Zena, na hilo lilimtosha. Zena mwenyewe alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelala. Alikuwa ameanza kutembea, halafu njaa ilipoingia akaacha, kama mtu aliyeghairi safari.

"Leo zamu yako?" Mwanne akauliza.

"Yangu."

"Basi msalimie mke mwenzangu. Mwambie leo akurudishe mapema, na mimi nina haja na mume."

Athanasi akacheka. Kicheko kilimtokea puani tu, lakini kilikuwa kicheko.

Huyo mke mwenza hakuwa mtu. Ilikuwa mivukuto, viriba viwili vya ngozi ya mbuzi vya kusukumia upepo. Athanasi alizaliwa katika ukoo wa wayeyusha chuma, na kwao tanuru ni mke. Hufinyangiwa matiti ya udongo, huimbiwa, na wanaume wakianza kulivukutia hawarudi kwa wake zao mpaka chuma kizaliwe. Mwanamke akigusa mivukuto tanuru huona wivu, na kinachotoka si chuma, ni mavi ya chuma. Mwanne alikuwa Myao wa upande wa Nakapanya, mfinyanzi. Yeye ndiye aliyefinyanga kewa, ile mirija ya udongo inayopitisha upepo wa mivukuto. Alizifinyanga, akazichoma, akaziacha njiani, wanaume wakaja kuzichukua. Zilikokwenda hakupaona.

"Namfinyangia mke mwenzangu vyombo," alikuwa akisema, "na hata harusini sikualikwa."

Asubuhi ile aliinua macho akatazama mlima. "Moto wetu siuoni."

"Baba mkubwa kauzima jana. Anaogopa rugaruga wa Mdachi watauona."

"Kuzima sawa," akasema Mwanne. Akamtilia mume mizizi kwenye kigae, wakala.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya mwisho ya watu wawili walioamka salama. Mume hakujua kwamba ayashike.

Mlima huo uko upande wa machweo ya Songea, kuelekea Umatengo, na tumboni mna makaa ya mawe. Kabla ya vita alikuja Mzungu mmoja mtafuta mawe, akayaona kwenye korongo, akakamata watu walioshindwa kulipa kodi, wakachimba. Tundu likaingia ubavuni mwa mlima, likashuka, likafika kwenye chumba kipana ambacho mwanga wa jua haujapata kukijua. Ndipo ikajulikana kwamba mlima unapumua.

Una pumzi mbili. Ile nzito hukaa chini. Ukishusha taa ndani yake, taa hufa, na mtu akiinama husinzia asiamke. Ile nyepesi hukaa darini, na hiyo ikikutana na moto hulipuka. Watu wa kwanza walikufa kwa nzito. Mmoja alilala, mwenzake akaenda kumwinua, akalala juu yake. Wa pili walikufa kwa nyepesi. Siku hiyo walitoka mbio wakiwaka, ngozi ya mikono inaning'inia kama maganda ya kiazi kilichochemshwa, na nyapara akawachapa viboko kwa kuacha majembe ndani.

Mzungu akaagiza wayeyusha chuma. Athanasi na baba yake mkubwa, Mzee Hyera, fundi mkuu wa ukoo, wakaletwa na kamba shingoni. Kazi yao ikawa kuupumulia mlima. Juu kichakani yakatobolewa matundu mawili membamba mpaka chumbani. Moja likatiwa kewa za Mwanne, zimechomekana moja kwa nyingine mpaka karibu na sakafu, na mivukuto ikafungwa huko juu. Hilo liliingiza upepo mwema. La pili likatiwa mianzi kutoka darini. Hilo lilitoa ile pumzi nyepesi, ikapotelea hewani. Ilipopita mtu na kijinga cha moto karibu na mwanzi, pumzi ikawaka na mwanzi ukaungua. Mwanne akafinyanga mdomo wa udongo, mwanzi ukavikwa. Tangu siku ile moto mdogo wa buluu ulikaa pale mlimani usiku na mchana, na watu wakauzoea kama walivyozoea nyota.

Halafu ikaja vita ya maji. Watu walikunywa dawa, wakaambiwa risasi za Mdachi zitageuka maji. Mzungu wa makaa akakimbilia bomani. Risasi hazikugeuka. Yaliyofuata, hakuna nyumba ya Ungoni isiyoyajua. Wakubwa walitundikwa Songea. Vihenge vilichomwa na mahindi ndani, mashamba yakafyekwa mabichi, na mwenye miguu akaingia porini. Watu wa bonde la Athanasi walikimbilia kwenye tundu la makaa, wakajenga vibanda karibu na mdomo wake, ili hatari ikija waingie ndani. Walikuwa wanawake, wazee, watoto wengi, na wanaume wachache waliosalia. Wakaweka zamu ya kuvukuta, kwa maana mlima hauachi kupumua eti kwa sababu kuna vita.

Zamu ya jana ilikuwa ya Mzee Hyera.

Athanasi alikuwa bado ameshika ile kamba bunduki zilipolia ng'ambo ya kijito. Watu wakatoka kwenye vibanda vyao vya majani, mguu niponye, wengine bila nguo. Mwanamke mmoja alikuja mbio ameshika tumbo kwa mikono miwili, damu inapita katikati ya vidole. Alifika mpaka mdomoni mwa tundu, akakaa chini taratibu kama mtu anayepumzika njiani. Hakuomba maji. Wakamruka, wakaingia.

Ndani, kabla ya chumba, njia ni nyembamba. Hapo palikuwa na pazia la ngozi za ng'ombe zilizoshonwa pamoja na kupakwa udongo, lililowekwa zamani za Mzungu kuzuia upepo mbaya usirudi. Walilishusha. Mtu mmoja alikuwa na kigae chenye mafuta kidogo ya mbarika na utambi. Moto ukasimama mrefu kuliko kawaida yake, mwembamba, na juu yake ukavaa kofia ya buluu.

Mwanne akauona. Akaufinya kwa vidole vyake, ukazimika. Giza likawa giza.

"Asiwashe mtu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Baba Zena. Muulize baba, ule mwanzi ameufanyaje."

Mkwe hasemi na baba mkwe ana kwa ana, hata gizani, hata vitani. Lakini Mzee Hyera alikuwa karibu, akasikia.

"Nimeulaza," akajibu.

"Muulize, ameulaza kwa kitu gani."

"Kwa udongo. Nimeziba."

Fundi wa chuma kazi yake ikiisha huzima moto, kisha huziba kila kewa kwa udongo mbichi huku akiliambia tanuru, pumzika mama, umezaa vema. Ndivyo walivyofanya baba zao na baba za baba zao. Jana jioni Mzee Hyera alikuwa ameuzima moto wa mlima, halafu mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya miaka yote. Aliziba, akaagana na mlima kwa heshima, akashuka.

"Baba," akasema Mwanne. Watu wote wakasikia kwamba sasa anamwita mwenyewe. "Tanuru hulala. Mlima haulali. Pumzi ya tangu jana yote iko hapa juu ya vichwa vyetu. Wakitia moto pale mlangoni, hatabaki wa kumzika mwenzake."

Mtoto mmoja akakohoa.

"Nakwenda kuuzibua," akasema Athanasi.

"Uende wapi na ndevu hizo? Mwanamume wanampiga kwanza, salamu baadaye. Mwanamke mwenye kapu watamwuliza anachimba nini."

"Watakuchukua."

"Nikichukuliwa nitatoroka. Wewe ukipigwa utatoroka kaburini?"

Tena Athanasi alijua kwamba pazia linahitaji mikono yenye nguvu. Mwanne akamfungua Zena mgongoni mwake, akamfunga mgongoni mwa mumewe. Akakaza fundo. Akaligonga kwa kidole, tik, kama anavyogonga chungu kusikia kama kina ufa. Akapapasa kapu na jembe, akapita chini ya pazia.

Haukupita muda wakasikia viatu.

Athanasi aliweka sikio kwenye ngozi. Sauti ya kwanza aliitambua. Alikuwa Alfani, Myao, ndugu wa ukoo wa Mwanne, aliyepata kubeba makapu ya makaa humu humu pamoja nao. Rugaruga walimkamata njia ya Lusewa, wakamwambia achague kamba au njia. Akachagua kuwaonyesha njia.

"Shemeji!" Alfani akaita. "Najua umo. Toka, ombasha ana ugali huku!"

Wenzake, askari wa kukodiwa, wakacheka pamoja na ombasha, mkuu wao.

"Ugali na nini?" akaropoka mtu ndani. Alikuwa mzee mmoja kiwete. Njaa ndiyo iliyosema, si yeye.

"Na risasi!" akajibu rugaruga mwingine, wakacheka tena.

Kiwete yule akaanza kutambaa. Wakamshika nguo, ikabaki mikononi mwao. Labda alidhani utani una kaukweli ndani yake. Alifika penye mwanga akisema, "Shikamoo bwana, shikamoo bwana." Athanasi akasikia mkongojo ukivunjika. Kisha akasikia kitu kingine kikivunjika ambacho hakikuwa mkongojo. Kisha shikamoo zikaisha.

Wakaanza kulundika majani na kuni mlangoni.

"Bwana ombasha," akasema Alfani, na sasa sauti yake haikuwa na mchezo, "humu moto hulipuka. Nimeona kwa macho yangu."

"Vizuri," akasema ombasha. "Sogea nyuma, basi. Nyote sogeeni. Alfani, wewe ndiye utakayewasha."

Ndani ya chumba watu waliwabana watoto vifuani. Hapakuwa na la kufanya. Mtu anayengoja mlipuko hufumba macho hata kama yuko gizani. Athanasi alihisi vidole vya Zena vikicheza na sikio lake. Huko juu, kama Mwanne alikuwa amefika, alikuwa akichimbua udongo ulioziba mwanzi, na udongo wa Mzee Hyera haukuwa wa kubandika tu. Fundi haharakishi kazi, hata ile anayoikosea.

Nje, kuni zikaanza kualika.

Ndipo darini pakalia mluzi. Ulianza mwembamba, kama mtu anayepuliza kwa pengo la jino, ukakua, ukawa mluzi wa kweli. Ilikuwa pumzi nyepesi inatoka. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa furaha, wakamziba mdomo.

Moto wa mlangoni uliwaka, ukanguruma, usilipuke. Wakasikia kofi. "Mwongo wewe," akasema ombasha. "Ongezeni kuni. Tutawafukiza kama panya."

Moshi ukaja. Ulipenya pembeni mwa ngozi, ukawauma macho. Athanasi na wanawake wawili wakakandika udongo kwenye kingo za pazia. Maji ya mitungi yalipokwisha, watu wakakojolea udongo, wakakandika tena, bila haya, mama mkwe mbele ya mkwe. Ngozi ikapata joto mpaka viganja vikachubuka. Moshi ukapungua. Lakini chumba sasa kilikuwa kama chungu kilichofunikwa, na kutoka sakafuni ile pumzi nzito ikaanza kupanda.

Watoto ndio waliotangulia. Mmoja aliacha kulia katikati ya kilio. Mama yake akamtikisa, kichwa kikaenda huku na huku. Akamtikisa tena. Hakuamka, na hakuamka kamwe. Athanasi alisikia kichwa chake kikigonga kama kinu, na mate yamemkauka. "Wainueni!" akasema. "Msimlaze mtu!" Wakawainua watoto mabegani. Wenye kuinua walianza kupiga magoti.

Kisha kewa ikasema.

Hu. Hu. Hu.

Upepo ulitoka kwenye mdomo wa udongo karibu na sakafu, ukiwa na harufu ya majani na ya jua. Watu wakasogea gizani wakikanyagana, wakaweka nyuso pale kwa zamu, watoto kwanza. Hu. Hu. Haukuwa mwendo wa mwanamume. Ulikuwa na haraka, na kila mara ya pili mkono wa kushoto ulichelewa.

"Nani anavukuta?" akauliza Mzee Hyera.

Athanasi hakusema.

"Nani anavukuta, nimeuliza!"

"Mkwe wako."

Mzee akapumua kwa nguvu. "Mwanamke? Kashika mivukuto? Mwanangu, ametuua." Akavua kitambaa cha kiunoni, akapapasa njia mpaka kwenye kewa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya zamani kuliko yeye. "Nitaiziba. Akiendelea, mlima utaona wivu."

Athanasi alimpiga. Hakuona anapopiga. Ngumi ilikutana na meno, ikakutana tena na meno. Akamshika koo, akamkandamiza ukutani mpaka vumbi la makaa likamwagika juu yao wote wawili, na Zena mgongoni akaanza kulia. Huyu ndiye mtu aliyemfundisha kushika nyundo.

"Chuma kitageuka mavi," akasema mzee, damu mdomoni.

"Humu hamna chuma, baba mkubwa. Mna watoto."

Akamwachia. Mzee akakaa alipoangukia. Hakugusa kewa tena.

Hu. Hu. Hu. Athanasi akapiga magoti penye kewa, akaweka sikio. Mrija wa udongo huleta sauti kama unavyoleta upepo. Akasikia pumzi ya mkewe, nzito, kama mtwangaji. Akasikia ndege. Akasikia majani yakikanyagwa.

"Dada." Alikuwa Alfani.

Mivukuto haikusimama.

"Dada Mwanne, acha. Ombasha anauliza ni sauti ya nini hii."

"Mwambie ndege."

"Ndege gani wa kukoroma hivi?"

"Wa kwetu Nakapanya. Umewasahau?"

"Usifanye mzaha. Watakuua."

"Wewe wamekuacha, na umepata faida gani? Alfani, mkono wangu wa kushoto umekufa. Kaa hapa unisaidie mmoja."

Hu. Hu. Athanasi alingoja kusikia kama mwendo utabadilika, kama mkono wa pili utashika. Haukushika, na Alfani hakuondoka. Alibaki amesimama tu. Mtu akisimama hivyo huwa amekwisha kufa kidogo.

Viatu vikaja. "Nini hiki?"

"Mwanamke tu, bwana," Alfani akasema upesi. "Ana wazimu. Mumewe amekufa, hana akili."

"Mwambie aache."

Hu. Hu.

Kitako cha bunduki kina mlio wake kikikutana na mfupa. Athanasi aliujua, maana alikwisha kupigwa nacho. Mivukuto ikanyamaza. Halafu, polepole, kiriba kimoja peke yake kikaanza. Hu. Kimya. Hu. Wakampiga tena. Hu. Ombasha akatukana kwa lugha yake.

Ndipo Mwanne akaweka mdomo kwenye kewa. Kwanza alisema na wote. "Msifungue ngozi. Kuni zao zinakwisha." Kisha akasema na mumewe, maneno machache, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi. Kisha bunduki ikalia, na mlio wake ukashuka kwa kewa pamoja na harufu ya baruti, ukampiga Athanasi sikioni. Sikio hilo halisikii mpaka leo.

Lakini la pili lilisikia. Juu pakanguruma kama tanuru lililofunguliwa. Watu wakapiga makelele, viatu vikatawanyika, mtu akalia "Dawa! Mlima una dawa!" Sauti zikapungua, zikashuka mlima, zikavuka kijito. Zikaisha.

Hawakufungua ngozi. Walikaa wakiwabeba watoto mpaka ngozi ilipopoa, ndipo Athanasi akailegeza, akatoka kwa kutambaa juu ya majivu, juu ya kiwete, juu ya yule mwanamke aliyeshika tumbo.

Juu kichakani moto wa mlima ulikuwa ukiwaka kwenye mdomo wa udongo, umerudi mdogo, wa buluu. Kote kuzunguka majani yalikuwa yameungua. Mwanne alilala kifudifudi, mkono wa kulia bado umepita kwenye kitanzi cha kiriba. Kichwa chake Athanasi alikifunika kwa majani kabla hajamfungua mtoto mgongoni. Alfani alikuwa amekaa kando. Nyusi hana, kope hana, uso umetoka malengelenge.

Athanasi aliokota jembe la mkewe, akampiga Alfani kwa mpini. Alimpiga mpaka mpini ukavunjika, akampiga kwa kipande kilichobaki. Alfani hakujikinga. Alipoachwa, akatema jino, akaeleza. Pumzi iliyokuwa imebanwa tangu jana ilikuwa ikitoka kwa nguvu mwanzini, haionekani. Bunduki ilipotema moto, hewa yote ikawaka, moto mrefu kuliko nyumba. Ombasha ulimwingia machoni. Wengine wakamburuta wakakimbia. Kama mwanzi ungekuwa umezibwa, Alfani akasema, moto huo ungekuwa chini.

"Najua," akasema Athanasi. "Ondoka."

Alfani akaondoka. Hakuna aliyesikia habari zake tena.

Mwanne walimzika pale pale. Mzee Hyera alikuja na ngozi iliyolowa maji, akaufunika moto mpaka ukafa, akauacha mwanzi wazi. Kisha akafungua mivukuto kwa mikono yake, akaileta kaburini, akaiweka miguuni mwa mkwe wake. Midomo yake ilikuwa imevimba. Alikufa mwaka ule ule, kwa njaa, kama wengi.

Zena aliishi. Alianza kutembea tena mvua zilizofuata, akakua, akaolewa huko Matogoro, na hufinyanga vyungu ingawa hakuna aliyemfundisha. Akimaliza chungu hukigonga kwa kidole, tik, akasikiliza. Athanasi akisikia mlio huo hutoka nje kidogo.

Hakuoa tena. Walimletea wanawake, akawapa maji ya kunywa, wakarudi. Sasa ni mzee sana, na wajukuu hulala chumbani kwake. Wanamcheka kwa jambo moja. Akikuta mtoto amelala sakafuni, hata kama ni mkubwa wa kuota ndevu, humwinua. Mgongo hauna nguvu, lakini humwinua. Wanamwuliza, babu, kuna nini huko chini? Hujibu kwamba aliagizwa. Wanauliza, aliagizwa na nani, alisemaje? Siku nyingi hakujibu. Siku ile, kwenye kewa, Mwanne alimwambia hivi:

"Baba Zena, kumbe mke mwenzangu huyu ni mzito. Sasa najua kwa nini ulikuwa ukirudi huna maneno. Mtoto usimlaze chini. Mbebe."